Alamanda kando ya ukuta: majani ya njano na maua yasiyokuja

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Nzuguni, Dodoma. Miaka miwili iliyopita nilinunua mche wa alamanda kando ya barabara, ukiwa na maua mawili makubwa ya njano, nikaupanda kwenye ukuta wa nyumba yetu mpya. Ulichanua miezi michache, kisha ukasimama. Sasa majani machanga yanatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na kingo za majani ya zamani zinakauka. Ninaumwagilia kila jioni maji ya kisima kirefu, nimeweka majivu ya mkaa, na yurea nimeweka mara tatu tangu mwezi wa sita, lakini sasa ni mwisho wa Agosti na hali inazidi kuwa mbaya. Je, niung'oe?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Usiung'oe. Umeeleza vizuri, na sentensi yako moja, ile inayosema kwamba majani machanga yanatoka ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, imenipa zaidi ya nusu ya jibu. Mmea wako haukosi chakula ardhini. Chakula kipo, lakini mizizi imezuiwa kukichukua. Kinachoizuia ni chokaa, na kwa jinsi ulivyoeleza, chokaa hiyo imeufikia mmea kwa njia tatu kwa pamoja: imetoka ukutani, imetoka kwenye maji, na imetoka kwenye majivu uliyoweka kwa nia njema.

Nianze na majani, kwa sababu mtu akijua kuyasoma hatapoteza fedha kwa mbolea isiyohitajika. Mmea unapopungukiwa na naitrojeni huichukua ile iliyomo kwenye majani yake ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo yanayotangulia kuwa ya njano, tena jani zima pamoja na mishipa yake. Madini ya chuma hayahamishiki kwa namna hiyo. Yakishaingia kwenye jani la zamani hubaki humo, na chipukizi linalozaliwa leo hutegemea chuma kinachopanda kutoka kwenye mizizi leo. Ndiyo maana upungufu wa chuma huonekana kwanza kileleni: jani changa hutoka la njano iliyopauka, na mishipa yake ya kijani huonekana kama wavu mwembamba uliochorwa kwa kalamu. Hiyo ndiyo picha uliyonichorea. Kingo zinazokauka kwenye majani ya zamani ni jambo la pili, nalo linaelekeza kwenye chumvi, nitalifikia.

Huenda ukajiuliza inawezekanaje mmea ukose chuma Dodoma, wakati udongo wetu ni mwekundu kwa sababu hiyo hiyo ya chuma kilichoshika kutu. Jibu ni kwamba chuma kilichomo kwenye kutu hakinyweki mpaka kiyeyuke kidogo majini, na huyeyuka pale tu udongo unapokuwa na uchachu kiasi. Alamanda ni mgeni kutoka Brazili na nchi jirani za kaskazini mwa Amerika Kusini. Jina lake linatokana na Frédéric-Louis Allamand, daktari wa Uswisi aliyekusanya mimea Suriname katika karne ya 18. Huko kwao mvua ni nyingi na udongo umeoshwa ukawa mchachu kidogo, na mpaka leo mmea huu hustawi zaidi pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, ikiwa kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda kupita 7.5 chuma hujifunga, na wewe ukiendelea kuongeza yurea unaulazimisha mmea kutoa majani mengi zaidi wakati hauna chuma cha kuyapaka rangi.

Sasa tuutazame ukuta. Umesema nyumba ni mpya. Katika zaidi ya miaka 20 ya kuhudumia bustani za mji huu nimekuwa nikikuta hali moja kando ya nyumba mpya, nayo ni kwamba juu kuna udongo mwekundu uliotandazwa vizuri, na chini yake kuna kifusi. Mara moja niliitwa kwenye uwanja wa ofisi fulani ambako alamanda 12 zilikuwa zimepangwa kwenye mstari mmoja, na 7 kati yake, zote za upande wa ukuta, zilikuwa za njano. Tulipochimba shubiri mbili tukakuta mabaki ya plasta, vipande vya tofali, na bonge la saruji lenye umbo la ndoo iliyopinduliwa, ambalo bila shaka fundi alilimwaga jioni moja baada ya kazi. Mizizi ilikuwa imelizunguka. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshauri mstari ule upandwe pale bila kuchimba kwanza, na mwenye uwanja alilipia miche ile. Tangu siku hiyo sipandi chochote karibu na ukuta kabla ya jembe kufika kina cha goti.

Hilo pia linaeleza kwa nini mmea wako ulichanua mwanzoni. Mche ulikuja na udongo wa kiriba, ambao kwa kawaida ni mchanganyiko mzuri wa udongo wa juu na samadi, na kwa miezi michache mizizi iliishi humo. Ilipotoka nje ya donge lile ikakutana na kifusi, na maua yakasimama.

Unaweza kuthibitisha haya leo kwa siki ya kawaida ya dukani. Chimba kando ya mmea, umbali wa hatua moja kutoka kwenye shina ili usikate mizizi mingi, ukachukue kiganja cha udongo kutoka kina cha shubiri moja na kingine kutoka shubiri mbili. Vianike vikauke kabisa, uvipondeponde, uvitie kwenye visahani, kisha udondoshee siki kijiko kimoja kimoja. Sogeza sikio karibu. Udongo usio na chokaa utainyonya siki kimya kimya. Udongo wenye chokaa utachemka, na utaona viputo vidogo vikipasuka juu yake kama povu la soda. Chukua pia udongo wa mbali na nyumba, kwa mfano karibu na mpaka wa kiwanja, uupime kwa njia hiyo hiyo ili ulinganishe. Ukitaka tarakimu kamili, maabara za udongo za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na za kituo cha Mlingano, Tanga, hupima. Lakini kwa mmea mmoja wa uani siki inatosha kukuongoza.

Njia ya pili ni maji. Tazama ndani ya birika lako la chai. Kama unachemshia maji hayo ya kisima, utaona magamba meupe yaliyoshika kwenye kuta zake, na magamba hayo ndiyo unayoumwagia mmea kila jioni, isipokuwa huyaoni kwa sababu yameyeyuka. Maji ya bomba nayo, yakipatikana, si dawa kamili, maana sehemu kubwa ya maji ya Dodoma kwa miaka mingi imetoka kwenye visima vya Makutupora huko Mzakwe, na maji ya ardhini ya kwetu kwa ujumla ni magumu. Kwa kumwagilia kidogo kidogo kila siku, jua na upepo wa Septemba hukausha maji na kuacha kilichoyeyuka ndani yake, siku baada ya siku, kwenye tabaka lile lile la juu ambako mizizi myembamba ya alamanda imejaa. Kingo za majani ya zamani zinaungua kwa sababu hiyo: mmea unavuta maji yenye chumvi, maji yanatoka kama mvuke kupitia kwenye jani, na chumvi inabaki mwisho wa safari, yaani ukingoni. Kuna wanaoshauri kukamulia ndimu au kutia siki kwenye ndoo ya kumwagilia. Siwakatazi, lakini vijidudu vya udongo hula uchachu wa aina hiyo upesi na ugumu hurudi, kwa hiyo nisingependa uutegemee.

Kuhusu majivu nataka niwe muwazi, kwa sababu ni ushauri unaopitishwa kutoka jirani hadi jirani bila kuuliza mtu anaishi wapi. Kule Rungwe na Njombe, ambako mvua nyingi zimeosha chokaa na kuuacha udongo na tindikali, majivu ni msaada wa kweli. Hapa Dodoma, ambako tunapata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hatufiki kwa kawaida hata milimita 600, hakuna mvua ya kuyaosha. Majivu ya mkaa yana potasiamu nzuri, ndiyo, lakini kwa sehemu kubwa ni chokaa tu. Kwangurua yote unayoweza kuyaona juu ya udongo, pamoja na ukoko mweupe ulioganda, ukayatupe mbali na bustani. Yurea nayo iache kabisa kwa sasa. Na siku utakaporudi kwenye mbolea za dukani usichukue CAN, ile mbolea ya naitrojeni ya chembe chembe, maana chembe zake huchanganywa na chokaa. Kwa udongo kama wako SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo inayofaa, kwa sababu huacha uchachu kidogo ardhini, nayo iwe vijiko viwili vya chakula kwa mmea, mara moja kwa mwezi, wakati wa mvua tu.

Kazi ya wiki hii ni kubadilisha umwagiliaji. Acha ndoo ya kila jioni. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka mmea, upana wa mita moja, ukamwage lita 15 hadi 20 polepole mara mbili kwa wiki, ili maji yashuke chini na kusukuma chumvi mbali na mizizi badala ya kuiacha juu. Kabla ya kumwagilia, tumbukiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ngoja siku moja zaidi. Funika kisahani kwa nyasi kavu au maganda ya karanga, lakini acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina, kwa kuwa mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko wa pili, na wakishazoea matandazo huhamia kwenye gome la mmea dhaifu.

Wakati huo huo upe mmea chuma kupitia kwenye majani, kwa sababu njia ya mizizi bado imezibwa. Nunua salfeti ya chuma, ukayeyushe gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwenye lita moja ya maji ya mvua au ya kunywa ya chupa, utie tone la sabuni ya vyombo ili dawa ishike, na unyunyizie jua likishazama. Anza na tawi moja, ungoje siku tatu kuona kama halikuungua, kisha unyunyizie mmea mzima, urudie baada ya siku 10. Majani hayatageuka yote kwa pamoja. Utaona madoa ya kijani pale tone lilipotua, na hayo madoa ni uthibitisho wa mwisho kwamba tatizo lilikuwa chuma. Funika ukuta kwa turubai au magunia kabla ya kunyunyizia, maana dawa hii huacha madoa ya kutu kwenye plasta na rangi, na hayatoki kwa kusugua. Kama duka lina busta, yaani mbolea ya maji ya kunyunyizia majani, yenye chuma, zinki na manganizi kwa pamoja, hiyo ni bora zaidi, kwa kuwa chokaa ikishafunga chuma, mara nyingi hufunga na hayo mengine.

Kunyunyizia, hata hivyo, ni kuuguza tu. Tiba ni kuuhamisha mmea, na wakati wake ni mvua za Desemba zikishalowanisha ardhi sawasawa. Chagua mahali penye jua la saa sita au zaidi, mita 1.5 au 2 kutoka kwenye ukuta wowote, ambako siki haikutoa povu. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, upana na kina. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu wa kichanga na sehemu moja ya samadi iliyooza. Nasisitiza iliyooza, na ikiwezekana itoke kwenye rundo lililonyeshewa angalau msimu mmoja, kwa kuwa samadi mbichi ya zizini imejaa chumvi za mkojo. Kata matawi ya mmea kwa nusu kabla ya kuung'oa, uuchimbe na donge lake la udongo kubwa kadiri mtu mmoja anavyoweza kubeba, uupande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, na uuwekee kivuli cha magunia au makuti kwa wiki mbili.

Kwenye shimo jipya, na hasa kama siki ilichemka hata kidogo, changanya salfa. Ni salfa ile ile ya unga wanayopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi, na ambayo wakulima wetu wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi hutumia dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, kwa hiyo haitakupa shida kuipata hapa mjini. Gramu 60 hivi kwa mita moja ya mraba, zikichanganywa na udongo wa juu mpaka kina cha sentimita 20, zinatosha kwa msimu. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa tindikali, na kazi hiyo inahitaji unyevu na joto, kwa hiyo salfa inayowekwa Julai italala bure mpaka mvua. Usitarajie matokeo kabla ya miezi miwili au mitatu. Kama kuna kifusi kingi, salfa haitaweza. Chokaa itaimeza yote na kubaki vile vile, na ndiyo sababu nimekwambia uhamishe badala ya kutibu palepale.

Kuhusu maji ya kudumu, fanya hesabu pamoja nami. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 40 ukipata mvua ya milimita 30, ambayo hapa hunyesha kwa alasiri moja, utakupa zaidi ya lita 1,000 hata ukitoa zinazopotea. Mmea wako ukishashika unahitaji kama lita 30 kwa wiki, na kutoka Mei hadi Novemba kuna wiki 30 hivi. Hiyo ni lita 900. Kwa hiyo tangi moja la lita 1,000 linalojazwa mwishoni mwa Aprili na kufunikwa vizuri linaweza kuuvusha mmea huu mmoja kiangazi chote bila tone la maji ya kisima. Kama una mimea miwili, changanya nusu kwa nusu. Hata nusu hiyo ina faida kubwa.

Sasa maua, ambayo najua ndiyo yaliyokufanya uandike. Alamanda huchanua kwenye matawi mapya tu. Katika hili inafanana na mzabibu: jirani yako mwenye shamba la zabibu hupogoa kwa nguvu mpaka mgeni akadhani ameua mimea yake, kwa kuwa anajua vishada vitatoka kwenye machipukizi yatakayofuata. Usipogoe mwaka huu kabla ya Desemba, kwa kuwa mmea hauna nguvu ya kuchipua. Kuanzia mwaka ujao pogoa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, baridi ikishaisha: kata kila tawi theluthi moja, ukikata juu kidogo ya pingili ambapo majani matatu au manne yametoka kwa pamoja kuzunguka shina. Aina uliyonayo, yenye ua kubwa kama kikombe, kwa asili hutambaa na kuegemea, haina vikonyo vya kujishikia. Ukitaka iwe kichaka utalazimika kufupisha tena ncha ndefu kila baada ya wiki sita za msimu wa mvua. Kuna alamanda nyingine ya kichaka, inayosimama yenyewe, yenye maua madogo zaidi yaliyovimba kwenye kitako. Ukianza bustani nyingine, hiyo ndiyo ningekuchagulia.

Juni na Julai, usiku unaposhuka karibu nyuzi 13 au 14 na upepo ukivuma, alamanda yenye afya kamili hupunguza majani na kuacha maua. Hapo punguza maji, wala usiweke mbolea. Nadhani yurea yako ya kwanza ilikuwa jibu la hali hiyo ya kawaida, na matatizo mengine yakafuata.

Jambo moja nisingependa ulipitie haraka ni utomvu. Tawi la alamanda likikatwa hutoa maziwa meupe, na mmea mzima, kuanzia mzizi hadi mbegu, una sumu. Jina lake la kisayansi la pili, cathartica, lina maana ya kuharisha. Wewe unaishi na watoto na unafundisha watoto. Vaa glavu unapopogoa, usijifute macho, osha mkasi, na vipande vyote uvizike, visitupwe njiani ambako mbuzi hupita. Mtu akikwambia majani yake ni dawa ya kusafisha tumbo, mkatalie.

Mahali pa zamani, pale ukutani, pasibaki wazi. Tekoma, yenye maua ya njano kama kengele, huvumilia chokaa na ukame na itachanua pale ambapo alamanda imeshindwa. Ila katika nchi yetu husambaa yenyewe ikiachwa, kwa kuwa mbegu zake zina mabawa na upepo wa Dodoma huzipeleka mbali. Ukiipanda, lazima ukate maganda yake yangali ya kijani, kila mara bila kukosa. Kama huna muda huo, tia nusu pipa lililotobolewa chini, lijaze udongo mzuri, upande humo alamanda ya pili.

Na mche wa alamanda hiyo ya pili usinunue. Siku ya kuhamisha mmea, Desemba, kati ya matawi utakayokata chagua matano yaliyokomaa nusu, yasiyo laini wala magumu kama kuni, yenye urefu wa sentimita 15. Ondoa majani ya chini, yaache kivulini kwa saa chache mpaka utomvu ukauke kwenye jeraha, kisha uyachomeke kwenye viriba vya mchanga wa mtoni uliooshwa kwa maji ya mvua, pingili mbili zikiwa ndani. Yaweke chini ya mti au barazani, mchanga ukiwa na unyevu bila kulowa. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kila kijiti polepole sana kwa vidole viwili. Kile kinachokataa kutoka kimeshaota mizizi.